Simu moja, watoto watano, swali moja



Katika mikutano ya vikundi kuna swali ambalo linarudi kila mara kama ng'ombe anayejua njia ya kisima. Wazazi wanauliza: hii simu, inaweza kumsaidia mtoto wangu wa sekondari kusoma sayansi, ama ni ya kumharibu tu? Sisi tunaotembea na vikundi tumeona yote mawili kwa macho yetu. Leo tungependa kueleza tuliyoyaona, na tutaanza na pale tulipokosea, maana wengi wenu mko karibu kurudia kosa lilo hilo.

KWA NINI TUSUMBUKE NA SAYANSI?

Kwanza tuelewane shida iko wapi. Shule nyingi za kutwa huku vijijini hazina maabara ya kutosha. Mwalimu anafanya jaribio moja mbele ya darasa. Walio mbele wanaona jaribio, walio nyuma wanaona migongo ya walio mbele. Jioni mtoto anatembea mpaka nyumbani, anateka maji, anasaidia kupika, na akifungua kitabu usiku hana wa kumwuliza, kwa sababu sisi wazazi wengine tuliachia darasa la nane.

Basi inafika siku ya kuchagua masomo. Katika mfumo wa 8-4-4, mwanafunzi anapoingia Fom Thrii anaruhusiwa kuacha baadhi ya masomo, na fizikia ndiyo inayoachwa na wengi, wasichana zaidi. Akishaiacha, mlango wa uhandisi umefungwa, na kazi nyingi za ufundi wa umeme na mitambo zinakuwa ngumu kufikia. Mwenyewe bado hajafikisha hata miaka 18. Kundi la mwisho la 8-4-4 linatarajiwa kufanya KCSE mwaka 2027. Wanaowafuata, wale wa mtaala wa umilisi, walianza Gredi ya 10 Januari 2026, na hao wanachagua mapema zaidi. Mtoto akiwa bado Gredi ya 9 anaulizwa: utafuata mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, ama wa sayansi za jamii, ama wa sanaa na michezo? Mtoto ambaye hajawahi kushika kitu cha sayansi kwa mkono wake atachagua kwa woga. Hilo ndilo lililotusukuma.

MAHALI TULIPOKOSEA

Mnakumbuka shule zilivyofungwa katikati ya Machi 2020 kwa sababu ya korona. Wanafunzi wengi hawakurudi mpaka tarehe 4 Januari 2021. Masomo yalipelekwa kwa redio, kwa televisheni na kwa simu. Mwenye simu ya skrini nyumbani alisoma kidogo, asiyekuwa nayo alichunga mbuzi. Vikundi vikashtuka. Kikundi kimoja cha akina mama wasusi wa vyondo, upande wa Kitui, kilichukua pesa za mzunguko, kikaongeza mkopo kidogo, kikanunua simu tano na kuwapa watoto watano wa sekondari, kila mmoja yake. Ushauri ulitoka kwetu. Tulifikiri mtoto mmoja simu moja ndiyo haki yenyewe.

Muhula haujaisha, simu moja ilikuwa imeuzwa na binamu wa mtoto. Mbili zilikuwa za kubeti mpira, na kijana mmoja alikuwa amejua namba ya siri ya M-Pesa ya mama yake. Ya nne ndiyo iliyotuumiza zaidi. Msichana wa miaka kumi na sita alikuwa akinunuliwa bando na mwanaume wa sokoni, mtu mzima mwenye mke na watoto. Mama yake alitambua kwa sababu bando haikuwa inaisha, na yeye hakuwa ameinunua. Tunamshukuru Mungu mambo yalijulikana mapema. Lakini mkutano wa Alhamisi ile hatutausahau. Mama mmoja mzee alisimama akatuambia mbele ya watu wote, "Nyinyi watoto wa parokia, mlisema mnatuletea kitabu. Mbona mmetuletea mlango usio na komeo?"

Hatukuwa na jibu. Tuliomba msamaha, na mkopo ule tulisaidiana kuulipa.

Simu ya tano ndiyo iliyotufungua macho. Hiyo laini yake ilikuwa imepotea, na mwenyewe hakuwa na pesa ya kununua nyingine. Kwa hivyo haikuwa inapiga, haikuwa inapokea, na mtandao haikuwa nao. Ilikuwa na memori kadi tu, ambayo mwanafunzi mwenzake alikuwa ameijaza masomo ya kemia na fizikia. Na kwa sababu ndiyo simu pekee iliyobaki na masomo, watoto wa jirani walikuwa wanakusanyika chini ya mwembe kila Jumamosi kuitazama pamoja. Wanaisimamisha, wanabishana, wanairudisha nyuma. Hakuna aliyewafundisha kufanya hivyo. Umaskini wa ile simu ndio uliowakalisha pamoja.

Si sisi peke yetu tuliodhani kifaa kinatosha. Nchi ya Peru iligawia wanafunzi wa shule za msingi kompyuta ndogo kwa mamia ya maelfu kuanzia mwaka 2008. Watafiti walipopima shule za vijijini, katika ripoti yao ya mwaka 2012, hawakuona watoto wakifaulu zaidi katika hesabu wala lugha. Kifaa kilifika, lakini namna ya kusoma haikubadilika.

Na hapa kwetu tuna mfano wa upande mwingine. Bruda Peter Tabichi, Mfransisko, mwalimu wa hesabu na fizikia katika shule ya kutwa ya Keriko, kijiji cha Pwani karibu na Njoro, alipata Tuzo ya Mwalimu Bora Duniani mwaka 2019, dola milioni moja. Shule yake ilikuwa na kompyuta moja na mtandao wa kubahatisha. Bruda alikuwa anaenda saiba, anapakua masomo, halafu anarudi kuyatumia darasani bila mtandao. Wanafunzi wake walibuni kifaa cha kuwasaidia wasioona na wasiosikia kupima vitu, wakafuzu kwenda maonyesho ya kimataifa ya sayansi huko Arizona, Marekani, mwaka huo huo wa 2019. Tazameni vizuri: mtandao ulibaki saiba, masomo yakaja shuleni.

NAMNA TUNAVYOFANYA SASA

Wacha tueleze kikao kimoja, cha likizo ya Agosti 2025, na kikundi kile kile cha wasusi, ambacho kwa neema kilikubali kujaribu tena. Watoto kumi, makundi mawili ya watano watano, simu mbili. Laini zimetolewa. Mwalimu wa fizikia alikuwa ametupa mada: pendulamu, yaani jiwe lililofungwa kwa uzi na kubembea. Ni jaribio ambalo lazima mtoto alizoee, kwa sababu mambo ya namna hii huulizwa katika karatasi ya vitendo.

Hatukufungua simu kwanza. Hilo ni muhimu. Tulianza na swali: nikifunga jiwe zito mahali pa jiwe jepesi, uzi ukiwa urefu ule ule, litabembea haraka zaidi, polepole zaidi, ama sawasawa? Kila mtoto ajibu kwa vidole kifuani mwake, kidole kimoja, viwili ama vitatu, bila kumtazama jirani. Vidole vikatofautiana. Wengi walisema zito litaenda haraka. Halafu tukawaambia: geukia mwenzako aliye na jibu tofauti, mshawishi. Dakika tano za kelele tupu. Kisha vidole tena, na baadhi walikuwa wamebadilisha.

Njia hii si yetu. Mwalimu mmoja wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Harvard, Eric Mazur, alianza kuitumia mwaka 1991. Aligundua kwamba wanafunzi wake, pamoja na usomi wao wote, walijua kukokotoa hesabu za fizikia lakini hawakuelewa jambo lenyewe, na kwamba mwanafunzi aliyeelewa jana humweleza mwenzake vizuri kuliko profesa aliyeelewa zamani akasahau ugumu wake. Haihitaji umeme wala karo. Inahitaji swali zuri na watu wa kubishana nalo.

Baada ya mabishano ndipo kupima. Uzi wa mita moja, ukipimwa kutoka pale ulipofungwa mpaka katikati ya jiwe, wala si mpaka juu ya jiwe. Simu inatumika kama saa ya kupima sekunde. Bembea ishirini, kila moja ni kwenda na kurudi. Kundi la kwanza lilipata sekunde 40. Likabadilisha jiwe, likaweka kubwa, likapata 40 tena. Waliosema jiwe zito litaenda haraka wakanyamaza. Kundi la pili lilipata sekunde 38 kwa mawe yote mawili.

Hapo palikuwa na ugomvi wa kweli. Uzi ni ule ule wa mita moja, mbona sekunde mbili zipotee? Kundi la pili lilidai saa ya kundi la kwanza ni mbovu. Ni msichana mmoja wa Fom Tu, mtoto wa mweka hazina wa kikundi, aliyesema turudie, na safari hii simu moja ipige video huku nyingine ikihesabu wakati. Wakarudia, wakaitazama video polepole. Sote tukaona. Mhesabuji wa kundi la pili alikuwa anasema "moja" wakati ule ule anapoachilia jiwe. Kwa hivyo aliposema "ishirini", jiwe lilikuwa limebembea mara kumi na tisa tu. Ukianza, sema "sifuri".

Kosa dogo? Mtihani hauoni hivyo. Ukitumia sekunde 40 katika ile kanuni ya kutafuta mvuto wa dunia unapata 9.87, karibu sana na 9.8 ya kitabuni. Ukitumia 38 unapata karibu 10.9, na alama zimeenda. Na kosa hilo, mtoto akisoma peke yake na simu yake peke yake, nani atamwonyesha? Video ya mwalimu wa mbali haijui wewe umehesabu vipi. Ilitakiwa kundi lingine, na jibu tofauti, na mtu wa kusema turudie.

Wakafupisha uzi mpaka sentimita 25. Bembea ishirini zikachukua sekunde 20. Uzi umegawanywa mara nne, wakati umegawanywa mara mbili. Ndipo tukafungua somo la video, dakika kumi na mbili, simu ikiwa imewekwa ndani ya bakuli ili sauti isikike vizuri. (Jaribuni hilo la bakuli, linasaidia sana.) Walilitazama kama watu wanaosikiliza hukumu ya kesi yao wenyewe.

Kuna majaribio mengine yanayofanyika hivi hivi na hayahitaji maneno mengi. Elekeza rimoti ya televisheni kwenye kamera ya simu na ubonyeze: kwa simu nyingi, hasa kamera ya mbele, utaona taa inawaka ambayo jicho lako halioni. Hiyo ni miale ya infraredi, na wanafunzi huisoma kitabuni bila kuamini. Tone la maji juu ya karatasi angavu ya plastiki, ikiwekwa mbele ya kamera, linakuza jani mpaka vinyweleo vyake vinaonekana. Angalieni tu maji yasiingie ndani ya simu. Maua mekundu ya haibiskasi yakipondwa na maji ya moto yanatoa rangi ambayo huwa nyekundu zaidi kwenye maji ya ndimu na huelekea kijani kwenye maji ya majivu, na picha za simu zinahifadhi zile rangi kabla hazijafifia, watoto wazilinganishe. Wenye simu nzuri wanaweza pia kuweka PhET, majaribio ya kuchezea kwenye skrini yaliyoanzishwa mwaka 2002 katika Chuo Kikuu cha Colorado. Ni ya bure, na mengi yakishapakuliwa hayahitaji mtandao.

Lakini onyo moja. Video nyingi za sayansi zinatafuta watazamaji, hazitafuti usalama wa mtoto wako. Dawa ya kung'arisha nguo, ile tunayoita jik, isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo. Inatoa hewa ya sumu. Jaribio lolote lenye moto ama dawa lisubiri mwalimu.

SHERIA ZA KIKUNDI

Simu ni mali ya kikundi, kama ilivyo mashine ya kusaga ama hema la matanga. Inaandikwa kwenye daftari la mali. Inakaa kwa mwanakikundi aliyechaguliwa, si kwa mtoto wake, inachajiwa kwa sola, na inatoka siku ya kikao tu. Kikao kinafanyika mahali wazi ambapo mtu mzima anaona, hata kama mtu huyo haelewi fizikia hata kidogo. Yule mama mzee wa komeo ndiye huketi na watoto siku hizi, anasuka kiondo chake. Anasema kazi yake ni kutazama mikono, si vichwa.

Laini haikai ndani ya simu ya watoto. Mara moja kwa wiki ama mbili, katibu anaenda mahali penye mtandao mzuri, anapakua masomo ambayo mwalimu ameyataja, na kuyaweka kwenye memori kadi. Somo la dakika ishirini kwa picha ya kiwango cha chini linaweza kuchukua MB 60 hadi 100 hivi, kwa hivyo GB moja inatosha masomo kumi na kuendelea. Ukinunua bando ya usiku ama ya wikendi, wakati mwingine inakuwa nafuu. Swali likiwashinda watoto, wanaliandika pamoja, wanakubaliana maneno, na katibu anamtumia mwalimu kwa ujumbe mfupi kutoka kwa kabambe yake mwenyewe. Tumegundua kwamba nusu ya maswali yanajibika wakati wa kuyaandika.

Kazi zinazunguka. Mmoja anashika simu, mmoja anapima, mmoja anahesabu, mmoja anaandika, mmoja kazi yake ni kuuliza "kwa nini". Kikao kijacho zinabadilishwa. Tusipofanya hivyo wavulana wanaishika simu kama usukani wa matatu, na wasichana wanabaki kuandika. Tumeona hivyo kila mahali, hata palipo na wasichana wakali.

Kuhusu zile programu za akili unde, ambazo unauliza swali na zinajibu kama mtu: watoto wanazijua kuliko sisi. Zinaweza kueleza vizuri, na zinaweza kukosea kwa sauti ile ile ya uhakika. Mtoto wa peke yake atanakili. Sisi tumesema jibu lolote la namna hiyo lipelekwe kwenye kikao, watoto walilinganishe na kitabu na kipimo chao wenyewe, na wasipokubaliana aulizwe mwalimu.

Na mwalimu asiachwe nje. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kuja na simu, na wana sababu zao, nasi tunaziheshimu. Kikao ni cha nyumbani, Jumamosi ama likizo. Lakini mwenyekiti wa kikundi aende amwone mwalimu mkuu, aeleze, aombe orodha ya mada za muhula. Kuna mwalimu mmoja alidhani tunafungua tuisheni ya kumpokonya wanafunzi. Tulipomwalika akaona watoto wakigombania sekunde mbili, alirudi Jumamosi iliyofuata bila kuitwa, na uzi wake mfukoni.

Yule msichana wa Fom Tu alikuwa tayari ameandika kwenye fomu ya shule kwamba anaacha fizikia. Mama yake alitueleza baadaye kwamba alifuta kwa wino mweupe na kuandika upya, na fomu ilikuwa chafu kiasi kwamba mwalimu wa darasa alimrudishia aijaze nyingine. Mwaka 2026 ameingia Fom Thrii na fizikia yake. Katika mtihani wa muhula hakufanya vizuri sana. Anakuja Jumamosi.

Likizo ya Agosti tutakuwa na mafunzo ya siku moja katika ukumbi wa parokia kwa vikundi vinavyotaka kuanza. Kila kikundi kilete katibu wake, simu moja yenye memori kadi, uzi wa mita mbili, mawe mawili yasiyolingana, na mtoto mmoja ambaye amesema hataki fizikia.